Picha Mbili za Zadock

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya kupiga picha za ubongo, huniuliza kama niliwahi kuona mawazo ya mtu. Sikuona mawazo. Niliona madoa. Katika ubongo wenye afya, dawa yetu ikishaingia vizuri, kwenye skrini yalitokea madoa mawili yaliyopinda kama koma, moja kulia na jingine kushoto, kila moja na mkia wake. Katika ubongo wa mtu mwenye ugonjwa wa kutetemeka mikia haikuwapo. Zilibaki nukta mbili. Hayo tu. Koma ni uzima, nukta ni ugonjwa. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuzisoma picha zile, na hadi leo damu inanichemka nikikumbuka jinsi sisi wenye vyeti tulivyozisoma.

Jina langu Caren. Niliendesha kamera katika hospitali moja ya kibinafsi katikati ya jiji, chini kabisa, mahali ambapo jua halikufika na mvua za El Niño zilifika bila kualikwa. Mlango uliofuata ulikuwa wa Daktari Mahesh. Hakuwa daktari wa kutibu watu. Alikuwa mkemia, mzaliwa wa Ngara, mwana wa muuza vitambaa ambaye yeye mwenyewe hakutaka kusikia habari za vitambaa. Kila Jumatatu ndege ilituletea kasha zito la madini ya risasi. Kila asubuhi tulipitisha maji ya chumvi ndani yake, yakatoka na teknesiamu, kitu chenye miale ambayo kamera yangu iliweza kuiona. Kwa kuwa kasha lilitoa kidogo kidogo kila siku mpaka likakauka, kila mtu pale chini aliliita ng'ombe. Daktari Mahesh alikuwa akichungulia mlangoni kwangu na kuuliza, "Caren, ng'ombe ametoa?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Teknesiamu peke yake haijui njia. Ni lazima uifunge kwenye dawa inayojua inakokwenda: kuna ya mifupa, kuna ya figo, kuna ya moyo. Daktari Mahesh alitaka ya kwenda mahali pamoja tu, kwenye zile seli chache ndani ya ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayomwezesha mtu kuinua kikombe bila kumwaga chai. Wenzake wa ng'ambo walikuwa wameanza kuonyesha kwamba inawezekana. Yeye alitaka iwezekane hapa, kwa ng'ombe wetu na kamera yetu kuukuu. Unga wa kuanzia una undugu na kokeini, basi mzigo wa kwanza ulizuiliwa uwanja wa ndege naye akaenda kujieleza kwa maofisa. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo walivyozidi kumtazama vibaya.

Miaka mitatu dawa ilimkatalia. Mara teknesiamu haikushika. Mara ilishika lakini ikakimbilia kwenye ini. Panya wa maabara ya Kabete walidungwa, wakapigwa picha, na vichwa vyao vikabaki giza tupu. Alibadilisha joto, akabadilisha chumvi, akabadilisha muda wa kuchemsha. Umeme ulipopotea katikati ya kuchemsha alitukana kwa Kigujarati, halafu akaniomba radhi kwa Kiingereza. Siku ambayo panya mmoja hatimaye alionyesha madoa mawili ndani ya kichwa, mtu huyu wa miaka hamsini na kitu alinishika mikono yote miwili na tukarukaruka kama watoto wa shule siku ya kufunga.

Aliyekuwa akimkimbiza hivyo alikuwa mkewe, Bhanu. Bhanu alifundisha hesabu katika shule ya sekondari. Mwandiko wake ubaoni ulianza kupungua, ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, mpaka wanafunzi wa nyuma wakalalamika. Daktari wa kwanza alisema ni umri. Wa pili alisema ni mawazo. Wa tatu alimpa dawa ya usingizi. Kabla mtu yeyote hajautaja ugonjwa wenyewe, mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kukataa chaki. Mahesh aliamini kwamba kama kungekuwa na picha ya kuonyesha kinachokufa, mkewe asingezungushwa miaka yote ile.

Alipoandikiwa levodopa, vidonge vya ugonjwa ule, Bhanu alirudi kuwa mtu. Alipika, alitembea bustanini kwao Lavington, aliniletea thepla, chapati zao za viungo, ndani ya kopo akisema nimekonda. Mimi sijawahi kukonda maishani. Lakini kila mwaka vidonge vile vilimbeba muda mfupi zaidi. Nilimwona siku moja amekwama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akingoja kidonge kifanye kazi ili aingie nyumbani kwake. Alinicheka nilivyomtazama. "Caren, usilie. Mimi ni hesabu ambayo imesahau jibu, nangoja tu likumbukwe."

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba kamati ya hospitali iliruhusu tuanze na watu. Bhanu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala kwenye kitanda changu. Zikatoka nukta mbili safi. Daktari Mahesh alizitazama muda mrefu, furaha na huzuni zikigombania uso wake. Dawa ilikuwa imefanya kazi, na kilichoonekana kilikuwa kifo cha sehemu ya mke wake.

Baada ya wagonjwa tulihitaji watu wazima wa afya wa kulinganisha nao. Hapo ndipo Nairobi ilipotuchezea. Dawa ile ikishadungwa asubuhi, ni lazima mtu angoje hadi karibu adhuhuri ndipo apigwe picha. Nani katika jiji hili ana nusu siku ya kukaa kwenye benchi katikati ya wiki? Makarani walikataa. Manesi walikataa. Ndugu zake Daktari wote walikuwa na maduka ya kufungua. Waliobaki ni wale wanaofanya kazi usiku na mchana wako huru, yaani maaskari wa mageti. Daktari alifurahi kama mtu aliyegundua jambo. Alisema tena wao wamezoea kukaa.

Aliyeanza ni askari wake mwenyewe, Zadock. Alikuwa mtu wa upande wa Kaimosi, anayeishi Kabiria na mkewe Nakhumicha, mwembamba, mpole, mwenye koti refu la jeshi alilolivaa hata jua likiwaka. Alikuwa amelinda geti lile la Lavington tangu watoto wa Daktari wakiwa wadogo. Mimi nilipokuwa nikienda kule asubuhi za Jumamosi nilimkuta akizoa vijiti vya miraa mbele ya kibanda chake kabla ya kwenda kulala, na kila mara aliniamkia kwa mikono miwili. Daktari alimhoji mbele yangu kama kamati ilivyotaka.

"Unakunywa pombe, Zadock?"

"Hapana, Daktari. Mimi ni mtu wa kanisa la Friends."

"Sigara?"

"Daktari, si unanijua?"

"Bangi?"

Zadock aliinamisha kichwa kwa aibu ya kuulizwa. "Hapana, Daktari."

"Dawa yoyote? Ya hospitali, ya kienyeji?"

"Panadol tu, hii jino ikinisumbua."

Alisema kweli yote aliyoulizwa. Akadungwa, akalala kwenye benchi, na adhuhuri nikampiga picha. Zikatoka nukta mbili.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia. Nukta. Daktari Mahesh alivuta kiti, akakaa, akavua miwani. Alinieleza jambo ambalo nililijua tayari, kwamba ugonjwa ule huiba kimya kimya, na kwamba mtu hupoteza nusu ya seli kabla kidole kimoja hakijatetemeka. "Tumeuona kabla yeye hajauona," aliniambia. "Caren, hakuna mtu hapa nchini amewahi kuona hivi mapema." Nikaona kwamba hofu yake ilikuwa na kiburi ndani yake. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Mimi pia nilihisi kichwa changu kimekuwa kikubwa.

Nitakalomlaumu ni kile kiti. Jumapili alimwita Zadock kwenye baraza la nyumba na kumpa kiti, na mimi niliitwa niwepo nieleze kwa maneno mazuri. Askari akipewa kiti kwenye baraza la tajiri wake anajua kuna msiba. Zadock alikaa ukingoni, kofia magotini. Nilieleza. Nilisema kutetemeka hakujaanza, nilisema huenda kukachelewa, nilisema kuna vidonge vipya ambavyo madaktari wengine wa ng'ambo wanaamini vinalinda ubongo, na Daktari atampa bure. Zadock alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia Bhanu aliyekuwa ameketi karibu, mkono wake ukicheza peke yake juu ya paja.

"Kama Mama?" aliuliza.

Yule mtu alikuwa ameutazama ugonjwa wa Bhanu kutoka getini kila jioni kwa miaka.

"Zadock," Bhanu alisema, "mimi niko mbele yako. Tutaenda pamoja. Ukikwama, mimi nitakuambia nilijikwamua vipi."

Daktari alimtoa kazi ya usiku. Alisema baridi na kukesha si vitu vya mtu mwenye ubongo unaochoka. Zadock akawa wa bustani mchana, na geti akapewa kijana mmoja mcheshi anayeitwa Haron. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Zadock alilala Kabiria usiku, karibu na mkewe, kama watu wengine. Nakhumicha alikuja hospitalini kuniuliza kama ugonjwa unaambukiza watoto kwa damu. Nilimwambia kwamba mara nyingi haurithiwi. Alishukuru na kuondoka bila kuniamini.

Baada ya miezi mitatu Daktari alitaka kuona ugonjwa umefika wapi. Zadock alikuja amenenepa kidogo, macho meupe, koti la jeshi hana. Nilimlaza, nikaanza kamera, nikaenda kutia maji kwenye birika. Niliporudi, kwenye skrini kulikuwa na koma mbili. Mikia yote miwili ilikuwapo, minene, imepinda vizuri kama ya kuchorwa. Nilipiga kelele mpaka mfagiaji akaingia.

Ningependa kusema kwamba tulitulia tukafikiri. Hatukutulia. Daktari Mahesh alilia waziwazi, akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye unyevu na kugusa skrini kwa vidole. Hakuna ubongo duniani uliowahi kurudi. Wagonjwa wote waliokuwa wameandikwa vitabuni walikuwa wamekwenda upande mmoja tu, kushuka. Na huyu hapa, mtu wa bustani kutoka Kabiria, amepanda. Kilichobadilika ni nini? Vidonge vipya. Hatukuona kingine, kwa sababu kingine hatukukiuliza.

Daktari Tobias, bingwa wa mishipa ya fahamu aliyekuwa akimtibu Bhanu, alishuka akatazama picha zote mbili. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Nzuri sana," alisema. "Sasa tafuta watu ishirini zaidi."

"Chupa za dawa zimekwisha. Unga mwingine utachukua wiki nyingi."

"Basi ngoja wiki nyingi."

"Bhanu hawezi kungoja."

"Vidonge vipya mpe, havitamdhuru. Lakini levodopa usiiguse, Mahesh. Unanisikia? Usiiguse."

Alimsikia. Shida ni kwamba wakati ule kulikuwa na maprofesa wa ng'ambo waliodai kwamba levodopa yenyewe, pamoja na kumsaidia mgonjwa kutembea, huenda inazichoma zile seli pole pole. Wengine walipinga. Daktari Mahesh alikuwa amesoma pande zote mbili, na sasa moyo wake ukachagua upande. Zadock hakuwahi kutumia levodopa, na ubongo wake umerudi. Bhanu anaitumia kila siku, na wake hautarudi mpaka aiache. Aliniambia hivyo mchana mmoja tukila, na sauti yake ilikuwa tulivu sana, sauti ya mtu anayetoa hesabu.

Nilikwenda Lavington kumwona Bhanu. Nilitaka akatae. Nilimkuta bustanini, Zadock akipalilia hatua chache kutoka alipoketi, na hata kabla sijamaliza sentensi alinikatiza.

"Caren, mimi nimefundisha hesabu. Mfano mmoja hauthibitishi kitu, najua. Wanafunzi wangu walipoteza alama kwa hilo." Alingoja mdomo wake umtii. "Lakini mfano wa pili ukija, mimi nitakuwa wapi? Kila siku napoteza kitu. Jana nilishindwa kugeuka kitandani. Mahesh alinigeuza. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma. Nimekubali mwenyewe. Usimwambie mtu kwamba alinilazimisha."

Basi nasema: hakulazimishwa. Alipunguza vidonge, na baada ya wiki mbili hakumeza hata kimoja. Alikuwa na hamu ya kuona koma zake. Aliniuliza kama nitampigia simu siku hiyo hiyo picha itakapotoka, na nikamwahidi.

Mwanzoni alikakamaa mikono. Halafu shingo. Halafu akawa anakaa kwenye kiti hivyo hivyo alivyowekwa, macho yakitembea peke yake. Daktari Mahesh alisema ni daraja la kuvuka. Alisema seli zinapoamka lazima mtu apite mahali pagumu. Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Hakumwambia Daktari Tobias chochote, na mimi nilipotishia kumwambia aliniomba wiki moja tu, wiki moja, akanishika mkono. Zadock alikuwa akiingia jikoni kila mara kuuliza kama Mama amekula, na alipoambiwa hapana alirudi bustanini akakata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Unga ulifika wiki hiyo hiyo. Daktari alitengeneza chupa mpya kwa haraka na kuniambia tuanze na maaskari wengine ili Tobias apate watu wake ishirini. Wa kwanza alikuwa Haron. Alitoka getini moja kwa moja, akaja na mvua ikimchuruzika. Daktari naye alikuwa amekuja kwa shida. Alisema Bhanu ameamka na homa, lakini homa ni homa, na mfanyakazi wa nyumbani yuko naye. Tulimdunga Haron. Adhuhuri nikamlaza kwenye kitanda, nikamfunga kichwa kwa mkanda, na bado taya lake lilikuwa linapanda na kushuka.

"Wewe, usitafune. Kichwa kikitingika picha inaharibika."

"Sista, si nimalize tu hii kidogo?"

"Toa."

Akatoa mdomoni donge la kijani, pamoja na kipande cha chingamu ya Big-G, akaliweka kwenye kiganja changu kama zawadi. Daktari Mahesh alikuwa amesimama nyuma yangu akiandika. Kalamu yake ikasimama.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

"Gomba tu, Daktari. Miraa."

"Unatafuna tangu lini?"

"Si tangu jana jioni? Nimechana usiku yote mpaka saa hii. Bila hiyo utalala, na usiku ya Lavington ile baridi yake..."

"Na Zadock?"

"Zadock ndiye alinionyesha kwa kununua!" Haron alicheka, akiwa bado amefungwa kichwa. "Huyo alikuwa anachana kuniliko. Ni Mama alikuwa anatutolea pesa ya jani kila jioni. Saa hii Zadock ameacha, juu analala kwake. Mtu wa mchana atachana ya nini?"

Daktari Mahesh alikuwa mkemia. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mimi ndiye niliyehitaji, na alinieleza akitazama ukuta, kwa maneno mafupi, kama anasomea mtu mwingine. Kilichomo ndani ya miraa hukalia viti vile vile ambavyo dawa yetu hutafuta kukalia. Viti vikijaa, dawa inageuka na kwenda zake, na kamera inaona giza. Seli ziko hai. Zina wageni tu. Mtu akiacha kutafuna, wageni wanaondoka, na picha inarudi. Vidonge vipya havikufanya kitu chochote.

Kila mtu alijua. Daktari alipita na gari juu ya vile vijiti kila asubuhi. Bhanu alitoa pesa kwa mkono wake mwenyewe. Mimi niliamkiwa na Zadock akiwa na jani shavuni. Tulimwuliza pombe, tukamwuliza bangi, tukamdhalilisha mzee wa kanisa kwa maswali ya wahuni, na miraa haikutupitia akilini kwa sababu katika mji huu miraa ya askari ni kama chai yake. Hakuna mtu aliyeficha. Hapakuwa na cha kuficha.

Daktari aliacha koti lake jeupe sakafuni na kukimbia. Nilimaliza kumpiga Haron picha kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Nukta mbili.

Bhanu aliletwa hospitalini kwetu jioni ile, amekauka kama ubao, homa imepanda, haongei. Daktari Tobias alimrudishia levodopa kwa mpira wa puani, akafanya yote yanayofanywa. Alimpita Mahesh kwenye korido kana kwamba hapakuwa na mtu. Mwili unaonyang'anywa dawa ile kwa ghafla unaweza kujichoma wenyewe. Figo zilikwenda, kisha mapafu. Alifariki Alhamisi. Sikupata kujua kama alitusikia tulipomwita.

Maiti yake waliichoma Kariokor kwa mila ya Kihindu, na siku ya pili ndugu walikusanyika Lavington. Walitandika mashuka meupe sebuleni, watu wakaketi sakafuni bila viatu, wakaimba polepole, kisha wakanyamaza. Ndiyo desturi yao: unakuja, unaketi na wafiwa kimya, unaondoka. Zadock aliingia na Nakhumicha na akina mama wanne wa kanisa lao waliovaa vitambaa vyeupe kichwani. Walitembea kutoka Kabiria. Kwao, mtu akifa, aliyetendewa wema husimama akashuhudia, na usiposhuhudia umemwibia marehemu. Zadock akasimama katikati ya ule ukimya.

"Mimi naitwa Zadock," alisema. "Nilikuwa askari wa hii geti. Mimi nilikuwa nimeandikiwa kutetemeka. Huyu Daktari aliona ugonjwa kabla haijaniona. Akanipatia dawa yake, na picha ikaonyesha nimepona. Mama aliniambia tutaenda pamoja. Sasa yeye ameenda, mimi nimebaki. Nimesimama nishukuru Mungu na hii nyumba. Nina watoto watano, na wataniona nikizeeka."

"Amina," akina mama wa kanisa walisema.

Wale ndugu wote wamekulia Nairobi. Walielewa kila neno. Niliwaona wakimgeukia Mahesh, wakilia, kwa fahari. Shemeji yake mmoja alimshika bega. Tangu Alhamisi nilikuwa nimemwuliza Mahesh atamwambia Zadock lini, na kila mara alijibu, baada ya msiba, Caren. Nadhani angeweza kuvumilia lolote siku ile isipokuwa kushukuriwa. Alisimama.

"Hukuwa mgonjwa," alisema.

Zadock alitabasamu kidogo, kama mtu aliyefikiri amesikia unyenyekevu. "Daktari?"

"Hukuwa mgonjwa hata siku moja. Ni miraa. Picha ya kwanza ilikuwa miraa. Uliacha kutafuna, ikarudi. Dawa yangu haikukuponya, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuponya."

Zadock aliwatazama akina mama wa kanisa, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Nilidhani atafurahi. Nilitaka afurahi.

"Na Mama?"

"Mama alikuwa mgonjwa. Nilimwachisha dawa yake." Mahesh alimsogelea hatua moja. "Nilimwachisha kwa sababu niliona umepona."

Nilitamani kumziba mdomo. Kulikuwa na vyumba vingine katika nyumba ile, kulikuwa na bustani, kulikuwa na siku nyingine. Zadock alibaki amesimama juu ya shuka jeupe, na nikaona jambo lile likimwingia pole pole mpaka likafika. Nakhumicha alimvuta mkono aketi. Hakuketi.

"Kwa hivyo Mama amekufa juu yangu," alisema.

Nilimngoja Daktari Mahesh aseme hapana. Nakhumicha alimngoja. Akina mama wa kanisa walimngoja, na Zadock mwenyewe, kofia mkononi, alimtazama usoni akimngoja. Mahesh aliketi chini, akafunika uso wake, akalia, na hapana ile hakuisema.